Santana ana albamu kibao: anayejua Maria Maria tu aanze na ipi?

#1 MgeniWaGita

Wakuu habari za jioni. Wale wa Iringa, kamwene.

Naomba mwongozo. Carlos Santana namjua kwa zile nyimbo mbili za redioni, Maria Maria na Smooth. Sasa nataka kumsikiliza kwa albamu nzima, siyo kuokoteza wimbo mmoja mmoja. Nikifungua orodha yake nakuta albamu kuanzia 1969 mpaka za juzi juzi, mbili zina jina lilelile, halafu mikusanyo ndiyo usiseme. Naomba moja tu ya kuanzia.

Hali yangu: najifunza gita la solo kwenye kwaya hapa Uyole, nasikilizia sabufa ya kuchomeka flashi, na bando ni la kupimia. Nianze na ipi, na kwa nini hiyo?

#2 Njombe_Baridi

Nimejifunika blanketi, nasubiri wajuvi washushe nondo.

#3 Tumba_la_Kabwe

Mkuu, anza na Abraxas ya 1970. Sababu nakupa, maana humu kila mtu atakuja na yake.

Kwanza elewa kitu ambacho wengi hawakijui: enzi hizo Santana lilikuwa jina la bendi. Carlos alikuwa mpiga solo, basi. Sauti unayoisikia ikiimba Black Magic Woman siyo yake, ni ya Gregg Rolie, ambaye ndiye pia anapiga kinanda cha Hammond. Besi ni David Brown, drams Michael Shrieve, tumba Michael Carabello, na timbalesi José "Chepito" Areas kutoka Nikaragua. Timbalesi ni zile ngoma mbili za chuma zilizosimamishwa juu ya stendi, zinapigwa kwa fimbo, na kengele pembeni. Kwa hiyo usichague albamu yake kwa mwaka wala kwa tuzo. Angalia nani yuko nyuma ya gita. Watu hao ndio waliotoa albamu tatu za mwanzo, na kuanzia 1971 wakaanza kutawanyika. Rolie na Neal Schon, mpiga gita wa pili aliyeingia baadaye, walikwenda kuanzisha bendi ya Journey.

Sasa kwa nini Abraxas na siyo ile ya kwanza ya 1969? Ile ya kwanza (jalada la simba, ukiitazama vizuri uso wa simba umejengwa kwa sura za watu) ilitoka Agosti 1969, mwezi uleule walioshangaza watu kwenye tamasha la Woodstock. Ni kali, ila ni ya bendi inayopiga kwa kuachia mvuke: mapigo mengi, melodi chache. Humo kuna Jingo, ambao asili yake ni wa Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria. Abraxas imetulia zaidi. Ina nyimbo 9 kwa dakika kama 37 hivi, na ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho Carlos aliendelea kukirudia kwa miaka 50: blues, cha-cha ya Kikuba, jazi kidogo, na wimbo wa gita tupu.

Mpangilio wake uusikilize hivi ulivyo, usiuchanganye:

1. Singing Winds, Crying Beasts
2. Black Magic Woman/Gypsy Queen
3. Oye Como Va
4. Incident at Neshabur
5. Se a Cabó
6. Mother's Daughter
7. Samba Pa Ti
8. Hope You're Feeling Better
9. El Nicoya

Nne za kwanza ndizo zilikuwa upande A wa santuri. Wimbo wa kwanza hauna maneno, unafungua pazia tu, na unaingia moja kwa moja kwenye wa pili bila kukata. Ukiweka "shuffle" umeharibu kila kitu. Vilevile toleo la redio la Black Magic Woman limekatwa kipande cha Gypsy Queen, kile cha mwishoni ambacho mwendo unapanda na gita linaachiwa. Ndiyo maana mtu aliyeusikia redioni tu anadhani anaujua, kumbe ameishia katikati.

#4 BesiKihesa

Kamwene wote. Kaka Tumba, kwenye historia uko sawa, kwenye uchaguzi nakupinga. Kwa mtu anayepiga ala, albamu ya tatu ya 1971 ndiyo kilele cha bendi ile. Hapo Schon ameshaingia akiwa kijana wa miaka 17, magita yamekuwa mawili yanajibizana, Coke Escovedo ameongeza mapigo, na kwenye Everybody's Everything wamewekwa matarumbeta ya bendi ya Tower of Power. Sikiliza Toussaint L'Overture: besi na kinanda vinashuka Am, G, F, E, vinarudi, vinashuka tena, na juu yake watu wanapigana. Hakuna wimbo kwenye Abraxas wenye nguvu hiyo.

MgeniWaGita, hiyo ndiyo moja ya zile mbili zenye jina moja. Albamu ya 1969 inaitwa Santana, na ya 1971 nayo iliitwa Santana, watu wakaibatiza Santana III ili kutofautisha. Ukiikuta kwenye programu za muziki usiamini mwaka ulioandikwa, maana mara nyingi wanaweka mwaka wa toleo jipya. Angalia nyimbo: ikianza na Waiting ni ya 1969, ikianza na Batuka ni ya 1971.

#5 Tumba_la_Kabwe

Dada BesiKihesa, kuhusu nguvu sikubishii. Lakini muulizaji anajifunza solo. Kwenye ya tatu magita mawili yanaingiliana na anayeanza hawezi kutenganisha lipi la Carlos na lipi la Schon. Atashika mstari wa mtu mwingine akidhani ndiye Santana. Kwenye Abraxas gita ni moja, limeachiwa nafasi, na Samba Pa Ti kuanzia mwanzo hadi mwisho ni yeye peke yake anaimba kwa nyuzi. Ya tatu iwe ya pili.

#6 BesiKihesa

Hilo la magita mawili nalikubali. Mengine sikubali.

#7 MwanaSinde

Jamani mbona mnamrudisha mtu enzi za babu? Amesema anaipenda Maria Maria. Mpeni Supernatural ya 1999. Smooth ilikaa namba moja Marekani wiki 12, Maria Maria wiki 10, na usiku mmoja wa Grammy mwaka 2000 Carlos aliondoka na tuzo 8. Mnataka nini tena?

#8 Tumba_la_Kabwe

Mkuu, Supernatural si mbaya, ila ni albamu ya wageni. Clive Davis, aliyekuwa bosi wa kampuni ya rekodi ya Columbia wakati Santana wanaanza, alimchukua tena akiwa kampuni ya Arista, wakamtafutia waimbaji: Rob Thomas, Lauryn Hill, Dave Matthews, Everlast, Maná, mpaka Eric Clapton na gita lake. Kila wimbo una mtengenezaji wake na ladha yake. Ina urefu wa zaidi ya saa nzima na ukimaliza bado hujui bendi ya Santana inasikikaje, umejua tu gita lake linavyopenya katikati ya nyimbo za watu.

Lakini kama unayo tayari usiitupe. Sikiliza El Farol, ambao hauna mwimbaji, kisha nenda Samba Pa Ti. Utaona ni mkono uleule, miaka 29 katikati. Na Africa Bamba msingi wake umetoka kwa Touré Kunda wa Senegal. Hizo mbili ni daraja zuri kutoka unakokujua kwenda kule nyuma. Shaman ya 2002 na All That I Am ya 2005 ni mtindo huohuo wa wageni, na kila moja imepungua kuliko iliyotangulia. Ziache kwanza.

#9 MzeeWaMakambako

Vijana, mmesahau Moonflower ya 1977. Ni santuri mbili, nusu jukwaani Ulaya, nusu studio. Ina Black Magic Woman, Soul Sacrifice, Toussaint na Europa, zote za jukwaani, pamoja na She's Not There ya studio ambayo asili ni ya The Zombies. Ukichukua hiyo moja umepata Santana wa mwanzo na Santana wa katikati kwa mkupuo. Karibu saa moja na nusu, inatosha basi kutoka Iringa hadi Mafinga.

#10 Tumba_la_Kabwe

Shikamoo mzee wangu. Moonflower naiheshimu, na kwa mtu wa safari ni nzuri kweli. Kasoro yake kwa anayeanza ni mbili. Oye Como Va haimo, na Samba Pa Ti haimo. Pia nyimbo za jukwaani na za studio zimepishanishwa, makofi yanakuja na kuondoka, mpaka mtu azoee anakuwa hajui yuko wapi. Ila kwa Europa ya jukwaani, hapo mzee hujakosea. Ile ya studio iko kwenye Amigos ya 1976.

#11 MzeeWaMakambako

Marahaba. Mpe basi hiyo Abraxas, lakini Moonflower isizidi mwezi wa pili hajaisikia.

#12 Njombe_Baridi

Swali la pembeni. Mwanakwaya anaruhusiwa Black Magic Woman? Mchungaji akiona jina kwenye flashi itakuwaje?

#13 Tumba_la_Kabwe

Hahaha. Mkuu, uchawi wa humo ni mwanamke aliyemteka mtu moyo, hakuna mganga. Ulitungwa na Peter Green, bendi yake ya Fleetwood Mac ikautoa 1968, miaka miwili kabla. Na sehemu kubwa ya Abraxas haina maneno kabisa au ina maneno mawili matatu, kwa hiyo hata kwenye sabufa ya nyumbani haimkeri mtu. Jalada ndilo la kuficha: ni mchoro wa Mati Klarwein, na una mwanamke asiye na nguo.

#14 FundiSabufa_Mwanjelwa

Nimewasoma. Mmemaliza albamu, sasa niseme la kusikilizia, maana unaweza kuchagua albamu sahihi ukaisikia vibaya ukailaumu bendi.

Vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi: kagua kabla hujalipa. Sabufa nyingi za bei ya kawaida hazisomi jina la albamu, zinapiga kwa mpangilio ambao faili ziliingizwa. Fundi akizimwaga zote kwa pamoja zinaweza kukaa shaghalabaghala, wimbo wa 9 ukawa wa kwanza. Fanya hivi:

Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32. Faili zipewe namba mbele, 01, 02 mpaka 09 (siyo 1, 2, 3). Tengeneza folda moja ya Abraxas peke yake. Kisha nakili faili moja baada ya nyingine kwa kufuata namba, kuanzia 01. Usizichague zote kwa mara moja.

Uzito: faili ya MP3 ya 320 (yaani kbps, kipimo cha ubora wa faili) inakula takriban MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 37 ni kama MB 89. Ya 128 ni kama MB 36. Kwa muziki wenye tumba, timbalesi na kengele kwa wakati mmoja, 128 inabana: matoazi yanachuruzika kama maji ya bomba bovu. Chukua 320 au usichukue. Na angalia udanganyifu mmoja: faili ya 128 ikigeuzwa kuwa 320 inanenepa tu, ubora uliokwisha kupotea haurudi. Ukiona MB 89 lakini matoazi bado yanachuruzika, umeuziwa ya kugeuza.

Kama unatumia bando, usisikilize kwa video. Picha ndiyo inayokula. Tumia programu ya muziki, pakua albamu mara moja ukiwa na bando la usiku au mtandao wa bure, kisha sikiliza bila data. Ndani ya programu zima "crossfade", maana itachanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata mahali ambapo bendi wenyewe walishauunganisha.

Besi ya sabufa ishushe mpaka chini ya nusu. Watu wa huku tumezoea kuifungua yote kwa ajili ya bongo fleva. Ukifanya hivyo kwa Abraxas, besi ya David Brown inameza tumba, na tumba ndizo zinazokwambia wimbo unakwenda wapi.

#15 BesiKihesa

Fundi, ahsante kwa hilo la besi, na mimi ndiye mpiga besi!

Niongeze la mikusanyo, maana hapo ndipo watu wanaibiwa. Kuna rekodi za majaribio ambazo bendi ilizifanya kabla ya albamu ya kwanza. Zimekuwa zikitolewa na kampuni ndogondogo kwa majina na majalada tofauti, mara nyingi picha ya Carlos akiwa mtu mzima, ili udhani ni nyimbo zake bora. Sauti ni ya kufifia na hakuna wimbo mmoja unaoujua uliopigwa vile unavyoujua. Dalili: ukiona kwenye orodha Acapulco Sunrise, Coconut Grove au Hot Tamales, rudisha ulipoitoa. Za halali za miaka ile zina nembo ya Columbia, au CBS kwa zilizotoka Ulaya.

Mkusanyo halali wa mapema ni Santana's Greatest Hits wa 1974, nyimbo 10 kutoka albamu tatu za mwanzo. Si mbaya, ila unakatiza kilekile alichokisema kaka Tumba, ule muunganiko.

#16 MgeniWaGita

Ndaga fijo wakuu. Nimeelewa, ni Abraxas. Sasa kwenye gita nianze na wimbo upi humo? Na ile sauti ya Carlos inayoning'inia bila kukatika, ni kifaa gani?

#17 Tumba_la_Kabwe

Anza na Oye Como Va. Ni utunzi wa Tito Puente wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ni cha-cha, mdundo ambao bendi zetu za dansi nazo ziliupiga sana enzi hizo, kwa hiyo mwili utaujua kabla ya vidole. Kodi ni mbili tu mwendo mzima: Am7 na D9. Kwa Puente melodi zilibebwa na filimbi na matarumbeta, Santana wakazihamishia kwenye gita na Hammond.

Kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya ni kupiga skeli ya A minor ya kawaida, yenye F. D9 ina F#. Ukikaa kwenye F wakati kinanda kiko D9 utasikia mkwaruzo na utadhani gita limelegea. Noti zako ni A, B, C, D, E, F#, G. Wiki ya kwanza usipige solo kabisa, piga kodi na uhesabu mdundo mpaka usipoteze "moja". Ndipo uingie kwenye ile melodi ya mwanzo, polepole. Kwenye YouTube ukiweka mwendo 0.75 sauti inabaki kwenye kimo chake, wimbo unapungua kasi tu.

Halafu Samba Pa Ti, iko G. Noti ni rahisi, ugumu ni kuzivuta. Kila mwisho wa mstari anaacha pumzi kama mwimbaji. Wewe utatamani kujaza hiyo nafasi. Usijaze. Katikati mwendo unabadilika na kuchangamka, hapo rudi kuhesabu.

Black Magic Woman iko D minor, nayo itakufaa kwa kujifunza kuhama kati ya Dm7, Am7 na Gm7. Europa usiiguse kwa sasa. Kodi zake zinazunguka Fm7, Bb7, Ebmaj7, Abmaj7, Dm7b5, G7, Cm, na kila moja inadai noti zake. Aliyezoea kukaa skeli moja anapotea kwenye baa ya tano.

Kuhusu ile sauti ndefu: siyo kifaa kimoja. Amplifaya imefunguliwa kwa nguvu, na yeye anasimama mahali ambapo sauti ya spika inarudi kwenye nyuzi na kuzitikisa tena. Sentimita chache pembeni inakatika. Kwenye amplifaya ndogo ya kwaya hutaipata yote, ila tumia pikapu ya karibu na shingo, punguza "tone", ongeza "gain" kiasi cha noti kukaa bila kukwaruza. Bonyeza uzi kwa nyama ya kidole karibu na chuma, siyo juu yake. Vidole vilivyolegea vinaua noti kabla ya amplifaya.

#18 BesiKihesa

Na akitaka kusonga mbele baada ya hapo, isiwe kwa kubahatisha. Ukijikuta unarudia Oye Como Va na Se a Cabó, nenda albamu ya tatu. Ukijikuta unarudia Incident at Neshabur, ile inayobadilika mwendo kila dakika, nenda Caravanserai ya 1972. Inaanza na nyenje wanalia, kisha saksafoni, na nyimbo nyingi hazina mwimbaji. Ndiyo ya mwisho ya enzi zile yenye Rolie na Schon, mpaka waliporudi kwenye Santana IV ya 2016. Ila isiwe ya kwanza kwa mtu yeyote, atailala.

#19 MzeeWaMakambako

Na akirudia Samba Pa Ti, Moonflower.

#20 MwanaSinde

Nimeisikiliza Abraxas sasa hivi kwa simu. Mbona kwangu zina nyimbo 12, na Black Magic Woman imejirudia mwishoni?

#21 FundiSabufa_Mwanjelwa

Hilo ni toleo la 1998. Waliongeza nyimbo tatu za jukwaani zilizorekodiwa Royal Albert Hall, London, mwaka 1970. Albamu yenyewe inaishia El Nicoya, namba 9. MgeniWaGita, ukifika kibandani mwambie fundi akutie 01 hadi 09 tu, hizo tatu aziweke folda yake nyingine. Na usikubali akujazie "Santana zote" kwa bei ya ofa, humo ndimo Acapulco Sunrise anapopitia.